Boksi la Wong Kar Wai: ninunue au niache?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Miaka kama kumi iliyopita rafiki yangu aliniachia DVD ya In the Mood for Love, na tangu siku hiyo hakuna filamu nyingine iliyonikaa moyoni namna ile. Sasa mpwa wangu anakuja Desemba kutoka Minneapolis, nami nataka aniletee World of Wong Kar Wai, lile boksi la Blu-ray la kampuni ya Criterion ya Marekani, lenye filamu saba za muongozaji huyo wa Hong Kong. Bei iliyoandikwa ni dola 199.95. Mume wangu anasema nimerukwa na akili, filamu zote siku hizi ziko mtandaoni. Deki ya Blu-ray ninayo, tuliinunua Dubai. Je, ninunue?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na deki yako, maana hapo ndipo watu wanapoanza kulia, pesa ikiwa imeshatoka.

Wenye Blu-ray wameigawa dunia mafungu matatu. Eneo A ni Amerika yote, Japani, Korea, Hong Kong na Asia ya kusini-mashariki. B ni Ulaya, Afrika, nchi za Ghuba na Australia. C ni China bara, India, Urusi na majirani zao. Deki iliyouzwa Dubai ni ya B, sawa na zinazotakiwa kuuzwa hapa kwetu. Boksi la Criterion limefungwa kwa A. Kwa hiyo mpwa atafika, pilau italiwa, utakaa kitako kwenye kochi, diski itaingia, na kwenye skrini nyeusi utasomewa mstari mmoja tu kwamba diski hii si ya eneo lako.

Zama za DVD, ambako sisi tulikuwa fungu la 5, tulizoea kubonyeza namba fulani kwenye rimoti na deki ikakubali kila kitu. Za Blu-ray ni chache zinazokubali mchezo huo. Nyingi mpaka fundi azifungue na kuzitia kifaa, au ununue ile inayouzwa ikiwa imeshafunguliwa maeneo yote. Na mpwa asikuonee huruma akakubebea deki ya kawaida ya Marekani. Nyingi za huko zimetengenezwa kwa umeme wa volti 110 hadi 120. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 230, utasikia harufu kabla hujaona picha.

Tuseme hilo lina dawa, nami nitalirudia. Kwanza tuzungumze na huyo mkwe wangu.

Anachosema si uongo mtupu. Filamu hizi zinapita mitandaoni, lakini zinapita kama wageni: leo zipo, mwezi ujao haki zimehamia kwingine. Jukwaa la Criterion lenyewe linauzwa Marekani na Kanada tu, kwa hiyo hilo kwetu halipo. Halafu kuna picha yenyewe. Filamu inayokuja kwa intaneti kwa ubora wa HD hutumia kama megabiti 5 kwa sekunde. Diski ya Blu-ray inaweza kumwaga mpaka 40 kwa picha peke yake. Kwa tamthilia ya sebuleni, yenye taa kila kona, hutaona tofauti. Kwa Wong Kar Wai utaiona. Kumbuka pale Maggie Cheung, yule mwigizaji mkuu wa filamu yako, anaposhuka ngazi na chombo chake cha tambi mkononi, ukutani pana taa moja, kwingine kote giza. Mtandaoni lile giza linavunjika vipande vipande kama sakafu ya vigae. Kwenye diski nzuri linabaki giza, na ndani yake unaona chembechembe za mkanda zikitembea. Mimi nimekaa chumba cha mashine miaka mingi, nikiendesha rili za milimita 35, na zile chembe ndizo zinazoniambia kwamba kitu hiki kilipigwa kwa kamera na watu wakiwa wamesimama pale.

Faida kubwa ya boksi lakini sioni kama ni picha. Ni mpangilio. Wewe umeona filamu moja, na umeipenda kama inayojitegemea. Kwenye boksi utakuta As Tears Go By ya 1988, Days of Being Wild ya 1990, Chungking Express ya 1994, Fallen Angels ya 1995, Happy Together ya 1997, hiyo yako ya 2000, kisha 2046 ya 2004. Anza na Days of Being Wild. Humo Maggie Cheung ni msichana wa kuuza vinywaji dirishani anayeitwa Su Li-zhen. Jina hilohilo ndilo la yule bibi wa magauni ya shingo ndefu katika filamu yako. Mwishoni kabisa mwa Days anatokea Tony Leung, yule mwanamume wa filamu yako, ambaye hapa hajaonekana filamu nzima, ndani ya chumba chenye dari la kugusa kichwa, anachana nywele, anatia pesa na karata mfukoni, anazima taa, anatoka. Basi. Ilikuwa iwe mwanzo wa sehemu ya pili, na sehemu hiyo haikupigwa kamwe. Ukitoka hapo ukaenda In the Mood, kisha 2046, unaona kama mtu ameahirisha hadithi moja miaka 14. Ile 2046 ni namba ya chumba cha hoteli ambacho wale wawili wa filamu yako walikuwa wakiandikia hadithi zao, na ni mwaka wa mwisho wa ile miaka 50 ambayo Hong Kong iliahidiwa kwamba haitabadilishwa baada ya kurudishwa China mwaka 1997. Mambo haya huyapati kwa kuokota filamu moja moja kwa bahati.

Na Chungking Express, hiyo waite na vijana wa mtaani. Nusu ya kwanza inazunguka Chungking Mansions, lile jengo la mtaa wa Tsim Sha Tsui, Hong Kong, ambalo wafanyabiashara wetu wa simu na vifaa wanalijua kwa vyumba vyake vya bei poa. Ninao jamaa wa Kariakoo waliolala humo wiki nzima bila kujua kwamba kuna filamu. Niliwaonyesha. Hawakujali hadithi ya mapenzi hata kidogo. Walikuwa wanabishana lifti ni ile ya kulia au ya kushoto.

Nyongeza nazo zina uzito wake. Kuna toleo jingine la Days of Being Wild lenye mwanzo na mwisho uliokatwa tofauti, kuna The Hand katika urefu wake kamili, filamu fupi ya 2004 ambayo kwangu ni miongoni mwa kazi zake bora kabisa, na kuna kipindi ambacho Wong anajibu maswali ya wasanii wenzake, akina Sofia Coppola na Chloé Zhao. Kadi za picha wanazotia ndani ni pambo tu.

Sasa njoo kwenye jambo lenyewe, ambalo nadhani muuzaji hatakwambia kwa uzito linaostahili.

Kwenye boksi hili, filamu zimekarabatiwa upya kwa ubora wa 4K, yaani picha kali kuliko HD, na nyingi muongozaji mwenyewe ameziidhinisha. Ukisoma hivyo unafikiri: basi hii ndiyo ile halisi, vumbi limefutwa, michirizi imeondoka. Sivyo. Wong ameandika mwenyewe, katika barua inayofuatana na boksi, kwamba alikuwa njia panda: azirudishe filamu kama watazamaji wanavyozikumbuka, au azifanye kama alivyoziwaza yeye tangu mwanzo. Akachagua la pili. Anasema wazi kwamba hizi si filamu zilezile, na sisi si watazamaji walewale. Mtu muungwana, ametahadharisha. Ila tahadhari yake iko ndani ya boksi ambalo umeshalilipia.

Filamu yako ndiyo iliyopigiwa kelele zaidi. DVD uliyonayo, kama ni mojawapo ya matoleo ya miaka ile, ina joto: wekundu na rangi ya chungwa vinatawala, ngozi za watu zimeiva kwa taa. Toleo jipya limepoa na kuingia ukijani. Angalia pale mgahawani, wanapokaa wakitazamana na kugundua kwa mkoba na tai kwamba mume wa huyu na mke wa yule wana yao. Angalia weupe wa mashati. Ni kama mtu amebadilisha balbu ya chumba usiku ulipolala. Wapo wanaosema ndiyo bora, inaonyesha unyevu na ukungu wa Hong Kong ya 1962. Mimi nimeiangalia mara tatu, na mara ya tatu jicho lilikuwa limeshazoea, lakini kwenye zile korido bado nilikuwa naitafuta ile rangi ya mwanzo. Kwako wewe, ambaye umeishi na moja kwa miaka kumi, mshtuko utakuwa mkubwa kuliko wangu.

Fallen Angels imeguswa zaidi ya rangi. Ilitoka mwaka 1995 kwa uwiano wa 1.85, yaani upana wa picha ukigawanywa kwa kimo chake, ule wa kawaida. Kwenye boksi imevutwa mpaka 2.39, pana kama ukanda. Sababu aliyoitoa Wong ilinichekesha mpaka machozi, na utaniwia radhi nikueleze kwa nini.

Mwaka ambao sitautaja, katika sinema ambayo sitaitaja, nilikuwa zamu ya usiku. Filamu ya kwanza ilikuwa ya skopu, ile inayohitaji lenzi maalumu ya kuivuta picha pande mbili. Ya pili ilikuwa ya kawaida. Nikasahau kutoa lenzi. Rili ikaanza, na nyota wa Kihindi, binti mwembamba kama mchicha, akatokea ana mashavu ya bibi harusi wa miaka hamsini. Kelele zilizopigwa chini kule nazisikia hadi leo. Viatu vilirushwa. Meneja alipanda ngazi mbili mbili, na mshahara wangu wa mwezi ule ulipungua.

Basi Wong anasema alikuwa kwenye meza ya kuhariri Fallen Angels, mashine ikiwa imeachiwa lenzi ya skopu kwa makosa, na picha ikavutika vilevile. Yeye hakurusha kiatu. Aliona kwamba watu wake, ambao tayari walikuwa wamepigwa kwa lenzi pana sana, wamezidi kutengana, na upweke wao umekolea. Wakati ule hakuwa na njia ya kuitoa hivyo, akaiacha. Miaka 25 baadaye teknolojia ikamruhusu. Mimi nilikatwa mshahara kwa kosa ambalo mwenzangu amelifanya sanaa, lakini siwezi kusema kwamba hana haki. Kwa filamu ile, kwa kweli, inakubali. Vichwa vimevutika, nyumba zimevutika, na ndoto yenyewe ilikuwa ya kuvutika tangu awali. Ninacholalamikia ni kwamba boksi lina nafasi ya nyongeza chungu nzima, na ile ya 1.85, ambayo dunia iliiona kwa robo karne, halina. Wangeweka zote mbili, nani angenung'unika? Anayeitaka ya mwanzo inabidi awinde diski za zamani za kampuni ya Kino ya Marekani.

Happy Together ni habari nyingine, ya bahati mbaya tu. Ndiyo iliyompatia tuzo ya muongozaji bora Cannes mwaka 1997. Negativu yake, yaani mkanda wa asili uliopita kwenye kamera, ilikumbwa na moto mwaka 2019. Walichoweza kuokoa wakaokoa, lakini baadhi ya rili zilipoteza picha na sauti, na Wong akalazimika kufupisha baadhi ya maneno ya Tony Leung, yale anayozungumza peke yake. Kama hujaiona hutajua kilichopungua. Mimi niliyeiona nilisikia pengo, kama unapoimba wimbo unaoujua na mwenzako akaruka ubeti.

Kwa hiyo ukiniuliza boksi hili linauza nini hasa, nitakwambia linauza Wong wa mwaka 2021 akiwasahihisha vijana wake. Anayekwenda kukutana nao mara ya kwanza hana tatizo, na kwako wewe hizo ni filamu sita kati ya saba. Ya saba ndiyo iliyokufanya uandike barua, na hiyo ndiyo ambayo hutaikuta kama ulivyoiacha.

Mambo madogo niyapitie haraka. Boksi halina kila kitu alichotengeneza: Ashes of Time ya 1994 haimo, My Blueberry Nights ya 2007 haimo, na The Grandmaster ya 2013, ile ya kung fu na Tony Leung kama Ip Man, haimo. Hii ya mwisho ndiyo ambayo wanaume wa nyumbani kwako wangeikalia hadi mwisho, hasa waliokulia kwenye vibanda vya video wakitafsiriwa na sauti ya Lufufu. Maandishi ya chini ni Kiingereza tu, kwa hiyo kama mama yako hasomi Kiingereza, itabidi wewe ndiye uwe Lufufu. Sauti: tano za mwisho zina spika za pande zote, mbili za mwanzo ni mono, sauti ya mkondo mmoja, kama zilivyozaliwa, na hilo si upungufu.

Na Tanga ni Tanga. Joto na chumvi ya bahari haviulizi diski ni ya nani. Maboksi ya kifahari ya aina hii hupenda karatasi ngumu na mifuko ya kubana, vitu vinavyovutia macho na kuvuta unyevu. Nimewahi kuletewa diski ya mteja yenye ukungu uliochora mizizi kama ramani ya mto. Toa diski, ziweke kwenye kasha za plastiki za kawaida, zisimame wima, mbali na ukuta wa nje. Boksi lenyewe liweke kabatini kama unavyoweka kanga mpya. Ukilazimika kufuta diski, futa kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka, kamwe usizungushe.

Haya, turudi kwenye pesa. Njia ziko mbili.

Ya kwanza ni kuachana na boksi la Marekani ukatafuta lile la Uingereza, la kampuni ya Curzon. Linatokana na ukarabati uleule, na ni la eneo B, kwa hiyo deki yako ya Dubai italimeza bila maswali. Linganisha tu orodha ya nyongeza kabla ya kulipa, usidhani ni zilezile. Likija kwa posta moja kwa moja, hesabu na VAT ya asilimia 18 pamoja na ushuru mwingine watakaokupa mezani. Bei ya dukani haitakuwa bei yako.

Ya pili ni kushika lile la Criterion kwa ajili ya nyongeza zake, ila mpwa asinunue leo. Barnes & Noble, maduka ya vitabu ya Marekani, wana kawaida ya kukata bei za Criterion kwa nusu Julai na Novemba. Yeye anakuja Desemba, kwa hiyo Novemba imekaa mahali pake. Dola mia hivi zikibaki, zitie kwenye deki iliyofunguliwa maeneo yote, na mwulize muuzaji kwa maandishi kama inafunguka kwa Blu-ray au kwa DVD tu. Wengi wanaposema maeneo yote wana maana ya DVD. Aangalie pia nyuma ya deki: iwe imeandikwa volti 100 hadi 240.

Ningekuwa wewe ningechukua la Uingereza. Deki moja mezani inatosha, na mkwe wangu hatakuwa na la kusema juu ya deki ya pili. Lakini ile DVD ya rafiki yako usimpe mtu. Itengenezee nakala kama unaye wa kukusaidia, na yenyewe iweke salama, maana kwa macho yangu ndiyo In the Mood for Love yako, na hakuna boksi linaloirudisha.

Boksi likishafika, lolote uchukualo, ijaribu kila diski wakati mpwa bado yuko Tanga, ili akiondoka aondoke na ile mbovu akaibadilishe. Usitazame dakika tano za mwanzo ukaridhika. Ruka sura kwa sura mpaka majina ya mwisho. Zenye kasoro hupenda kukwama baada ya katikati, mtu akiwa ameshaanza kulia.